Chupa Tano Juu ya Ukuta

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Ferista Nzunda hujitanda kanga mabegani, hutoka uani, na kwenda hadi kwenye ukuta mfupi wa matofali unaotenganisha uwanja wake na wa jirani yake Rozi. Juu ya ukuta huo zimepangwa chupa tano ndogo za soda. Kila moja ina mafuta ya kupikia hadi nusu, na kila moja imezibwa kwa kipande cha ndala kuukuu. Huishika ya kwanza shingoni, huigeuza juu chini, na kuhesabu polepole mpaka kumi huku akitazama. Huirudisha. Huchukua ya pili. Baridi ya Tunduma mwezi wa Juni haina huruma na vidole, lakini hajawahi kuruka chupa hata moja.

Chini ya kila chupa aliandika herufi kwa mkaa. A ni alizeti. M ni mawese, yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ndoo. S ni soya, kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde. K ni karanga. N ni nguruwe, na hayo hakuhitaji kuyatafuta, maana Ferista ni muuza kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga.

Siku ya kwanza Rozi alipomwona alisimama na beseni lake la viazi vya chipsi za kuuza, akamtazama mpaka chupa ya tano.

"Jirani, umeanza uganga?"

"Uganga gani? Napima."

"Unapima nini?"

"Yapi yamelala na yapi yameamka."

Rozi alicheka hadi kiazi kimoja kikamdondoka. "Mama Shadrack, mafuta nayo yanalala?"

"Njoo uone." Ferista akaigeuza chupa ya M. Mafuta hayakusogea. Yalikuwa yamekaa kule chini, ambako sasa kulikuwa juu, yameshikana kama uji uliopoa. Akaigeuza A, na mafuta yakateremka mara moja hadi kwenye ndala. "Haya yameamka kabla yangu."

Tangu utotoni alikuwa hivyo. Kwao Ihanda, kwenye mashamba ya kahawa, wenzake walichuma na kuimba. Yeye alipasua punje kwa meno ili aone iliyoiva inatofautianaje na iliyoliwa na mdudu. Darasa la saba ndilo lililokuwa la mwisho, lakini maswali hayakuishia hapo. Alipoolewa na Boazi na kuhamia Tunduma, yapata miaka ishirini na miwili sasa, Boazi akawa fundi matairi pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Zambia, naye akatafuta shughuli ya kufanya karibu na mumewe. Aliyemfundisha kitimoto ni mama mmoja wa Nakonde. Alimfundisha mambo matatu: nyama ichemshwe na chumvi kabla haijaona karai, moto usizidi, na mafuta ya karai hayamwagwi. Jioni yachujwe kwa kitambaa, mengine yaendelee na kazi kesho, mengine yaende nyumbani yakapike mboga. Mwanamke anayemwaga mafuta, yule mama alisema, hata mumewe atammwaga.

Ferista alishika yote matatu. Karai lake likajulikana. Madereva wa Ndola na Kitwe walishuka kwenye malori wakimsalimu, "Mulishani, bamayo!" naye aliitikia kwa Kibemba chake cha sokoni, akawakatia nyama kwenye sinia na kuwawekea ndimu na pilipili.

Mambo ya chupa yalianza na damu ya Boazi.

Mwezi wa Aprili wahudumu wa afya walikuja kanisani kwao baada ya ibada kupima watu presha, sukari na mafuta kwenye damu. Boazi hakutaka kwenda. Alisema yeye anainua tairi la lori peke yake, apimwe nini? Ferista alimsukuma mgongoni mpaka kwenye kiti. Alikuwa na sababu, na Boazi aliijua. Miaka miwili nyuma, mwezi wa Julai, kaka yake Boazi aitwaye Yonasi alikuwa Ihanda akigeuza kahawa kwenye vichanja vya kukaushia. Alimwambia mkewe kwamba kifua kinambana, ngoja akae kidogo. Alikaa. Hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Baba yao naye alikwenda hivyo hivyo, kabla Boazi hajamaliza shule. Na Boazi alikuwa anatimiza arobaini na tisa mwezi wa Oktoba.

Majibu yalisema presha ni nzuri, sukari ni nzuri, ila kolestro mbaya, ile ambayo wengine huiita lehemu, imefika nne nukta tatu, wakati haitakiwi kuzidi tatu. Daktari alikuwa binti mmoja mpole aitwaye Lusajo, ambaye aliongea kwa sauti ya chini mpaka watu walilazimika kuinama.

"Yanatoka wapi haya mafuta ya kwenye damu?" Ferista aliuliza.

Nyuma yao palikuwa na foleni ya watu hamsini. "Tutaongea vizuri mkija zahanati, mama," Lusajo alisema. "Kwa sasa baba aache nyama ya mafuta, na mpunguze yale mafuta yanayoganda. Baada ya miezi mitatu tunapima tena. Isiposhuka, tutaanza vidonge."

Katika maneno yote hayo Ferista alibeba moja: yanayoganda. Alilibeba mpaka nyumbani, akalitia kwenye chupa, akaliweka ukutani ili baridi ilijibu. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kinachoganda kwenye chupa kitaganda na kwenye mshipa. Kisichoganda kitapita. Kwa hiyo aliachana na ndoo ya mawese, akaleta alizeti, jikoni na kwenye karai la biashara pia. Boazi alikatazwa kitimoto. Mchana alipelekewa kabichi na maharage pale kwenye matairi, hatua arobaini kutoka lilipo karai, na upepo wa Tunduma ukawa unampelekea harufu.

Julai ilipopita katikati walikwenda zahanati. Lusajo alisoma karatasi, akaisoma tena.

"Nne nukta mbili," alisema.

"Imeshuka?" Boazi aliuliza.

"Haijashuka, baba. Hiyo ni ile ile."

Ferista alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Akaeleza yote: chupa, ukuta, herufi, alizeti, kabichi. Alieleza upesi na kwa aibu, akitegemea kuchekwa. Lusajo hakucheka. Aliweka kalamu chini.

"Mama, nishike mkono. Unaonaje?"

"Una joto."

"Na ndani ni zaidi ya hapo. Ukuta wako una baridi, mwili hauna. Halafu mafuta hayaingii kwenye damu kama unavyoyaona kwenye chupa. Tumbo linayavunjavunja kwanza. Hakuna mafuta yanayoganda ndani ya mtu kama uji."

"Kumbe chupa zangu ni kazi bure?"

"Hapana, hapo ndipo uliponishangaza. Jibu lako ni sahihi, njia ndiyo imepinda. Mafuta mengi yanayoganda yana kwa wingi aina moja ya mafuta ambayo inalisumbua ini. Ini ndilo linaloiokota kolestro kutoka kwenye damu. Ukiyala sana hayo, ini linapunguza kuokota."

Ferista alifikiri. "Kama gari la taka la mtaani kwetu. Taka ni zile zile, ila gari likiacha kuja…"

"Hivyo hivyo."

"Na zikibaki?"

"Zinajipenyeza kwenye kuta za mishipa. Kidogo kidogo, miaka na miaka. Njia inakuwa nyembamba. Siku moja ukuta unachanika, damu inaganda pale pale, na moyo unakosa damu."

"Kwa hiyo kinachoganda ni damu. Siyo mafuta."

"Ni damu, mama."

"Yonasi," Boazi alisema.

Lusajo alitazama meza. "Sijui, baba. Hakupimwa. Lakini kuna familia ambazo ini huokota polepole tangu kuzaliwa, na kwenu ni baba na kaka. Ndiyo maana nataka tuanze vidonge leo."

"Wiki sita," Ferista alisema. "Daktari, nakuomba wiki sita. Kuna kitu hakijakaa sawa kwenye chakula chake, na vidonge vikiingia sasa sitakijua kamwe."

Lusajo alimtazama Boazi. Boazi aliinua mabega. "Wiki sita," Lusajo alisema. "Zikipita, hatubishani. Na kifua kikibana hata mara moja, usingoje siku yoyote, uje."

Hawakufika hata barabarani kabla Ferista hajaanza.

"Baba Shadrack, unakula wapi?"

"Nakula kwako."

"Na mchana?"

"Mchana nakula unacholeta."

"Hakuna mtu anayekukatia kipande? Hata ngozi? Wale vijana wa matairi wanakula kitimoto kila siku."

Boazi alisimama katikati ya njia. "Miezi mitatu nafungua matairi na harufu ya karai lako puani. Miezi mitatu! Nimekula kabichi mpaka mbuzi wananiamkia. Halafu unaniita mwongo."

"Sijasema mwongo."

"Umesema kwa kuuliza."

Boazi hakuongea naye mpaka Jumapili. Ferista, kwa kuwa alishaanza, alikwenda hadi ukutani akamwuliza Rozi kama Boazi huwa anapita kula chipsi.

"Mumeo?" Rozi alisema. "Mumeo akija hapa anaomba maji. Anazitazama chipsi kwa heshima kama anamtazama mkwewe, halafu anaondoka. Nilimwonea huruma nikataka kumpa kipande, akakataa. Sasa wewe unamfanyia upelelezi! Loo, jirani, una bahati yeye ni mpole."

Ferista alirudi ndani. Kama Boazi hali kwingine, na nyumbani ni kabichi na alizeti, basi kolestro ilikuwa inatoka wapi? Alianza kuliamini lile la ukoo, na kuliamini kulimtia hofu, kwa kuwa ukoo haugeuzwi juu chini.

Mwisho wa Julai walikwenda Ihanda siku tatu kumsaidia Marita, mjane wa Yonasi, kuvuna kahawa. Ferista alichuma kwenye mistari kama ile aliyochuma akiwa mtoto, na kila Boazi alipoinama kwenye vichanja alijikuta amesimama kumwangalia. Boazi alimwona. "Chuma kahawa, Mama Shadrack," alimwambia. "Mimi bado nipo." Asubuhi ya siku ya nne Marita aliwafungia mfuko wa maparachichi, na walipofika Tunduma Boazi akaenda moja kwa moja kwenye matairi yake.

Jiko lilikuwa la baridi kabisa. Halikuwashwa siku tatu. Ferista alikata kabichi, akaweka sufuria juu ya jiko la mkaa, akanyoosha mkono kwenye rafu iliyo pembeni yake, akashika chupa ya alizeti. Akaiinamisha juu ya sufuria.

Hakikutoka kitu.

Aliigeuza juu chini. Bila kujua anafanya nini, alihesabu mpaka kumi. Mafuta yalibaki palepale, meupe, mazito.

Kwanza alidhani ameuziwa mafuta bandia. Akaitazama lebo: alizeti, na picha ya ua lake la njano. Akaichukua mpaka ukutani, akaiweka kando ya A na N, akazigeuza zote tatu. Ile ya A iliteremka. Ile ya N ilikaa. Na hii ya jikoni, yenye ua la njano, ilikaa na N.

Hapo akaelewa, na akakaa chini kwenye ndoo iliyokuwa karibu.

Ukutani alikuwa ameweka alizeti mpya, iliyotoka dukani. Lakini mafuta aliyopikia nyumbani hayakutoka dukani. Yalitoka kwenye karai. Kila jioni aliyachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye chupa safi ya alizeti, akayarudisha nyumbani, kama alivyofundishwa na kama alivyofanya miaka yote. Yaliingia kwenye karai asubuhi yakiwa alizeti. Kisha nyama ya nguruwe ikashinda humo kutwa, ikiyeyusha mafuta yake yenyewe, kilo baada ya kilo. Kilichotoka jioni kilikuwa na jina la alizeti tu. Na kwa kuwa chupa ilikaa kando ya jiko lenye joto siku zote, haikupata hata mara moja baridi ya kuifichua.

Kabichi yote ile. Maharage yote yale.

Angeweza kuimwaga. Jiko lilikuwa tupu, Boazi alikuwa kazini, Rozi alikuwa anamenya viazi upande wa mbele. Angenunua chupa mpya, wiki sita zingepita, namba ingeshuka, na Boazi angejua tu kwamba mkewe alipika vizuri. Aliifikiria njia hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akajifunga kitenge, akaiweka chupa ndani ya kapu ili isipate jua, akaenda kwenye matairi.

Boazi alikuwa amechuchumaa, nyundo mkononi.

"Igeuze," Ferista alimwambia.

Boazi aliigeuza. "Imelala. Ni ile ya nguruwe?"

"Ni yetu. Ndiyo ya kabichi."

Boazi alitazama lebo, akamtazama mkewe. Ferista akamweleza kuhusu karai, kitambaa na ile rafu. Alieleza amesimama wima, kama anayetoa ushahidi. Wale vijana wa matairi waliacha kazi wakasikiliza.

"Kwa hiyo," Boazi alisema polepole, "miezi mitatu nilikuwa nakula kitimoto?"

"Kila siku. Mchana na jioni."

"Na utamu wake sikuupata hata kidogo!"

Kijana mmoja alipasuka kwa kicheko, na Boazi mwenyewe akafuata, akicheka mpaka akaweka nyundo chini. Ferista hakucheka.

"Nilikuita mwongo," alisema. "Nisamehe, Baba Shadrack."

Boazi alijifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mpira. "Nilikuwa nishasamehe Jumapili," alisema. "Ila ile ya kwenda kumwuliza Rozi, hiyo nipe siku mbili."

Tangu siku hiyo mafuta ya karai hayakuvuka mlango wa nyumba. Ferista aliyapeleka kwa mama mmoja anayetengeneza sabuni, na mara ya kwanza kuyakabidhi alitazama pembeni, kana kwamba yule mama wa Nakonde anamwona. Nyumbani aliweka alizeti mpya, akaipima kwa kijiko. Alipika maharage, dagaa, mchicha na karanga. Parachichi lilimsumbua, kwa sababu lina mafuta mpaka yanateleza mkononi. Akaliponda kwenye kikombe na kuliweka ukutani usiku kucha, na asubuhi lilikuwa jeusi lakini laini vile vile. Lusajo, alipoulizwa, alisema ni mafuta ya aina nyingine, hayalisumbui ini, ale tu. Rozi alikuja kuchungulia kikombe, akasema sasa hata matunda yanalazwa nje.

Kwa wateja hakuhubiri. Aliendelea kuuza kitimoto, maana ndiyo kazi yake. Ila aliweka na sufuria ya maharage pembeni, na aliyetaka mafuta yakatwe alikatiwa. Dereva mmoja wa Ndola, mzee mwenye kitambi, alilitazama sinia lake lililopunguzwa mafuta bila kuombwa, akalalamika. "Bamayo, nguruwe huyu alikuwa anafunga?"

"Wewe ndiye ungefunga," Ferista alimjibu. "Lini ulipimwa damu?"

Mzee akaendelea kula, lakini safari iliyofuata alishuka kwenye lori na swali: wanapimia wapi?

Wiki sita zilipokwisha ilikuwa Septemba, na baridi ilikuwa imeshaanza kuachia. Walikaa kwenye viti vile vile vya zahanati. Lusajo alifungua karatasi, na safari hii hakuisoma mara mbili.

"Tatu nukta sita."

Boazi alimshika Ferista goti, akaliachia haraka kwa sababu walikuwa mbele ya watu.

"Imeshuka," Lusajo alisema. "Imeshuka vizuri, kwa chakula peke yake. Lakini kwa mtu mwenye baba na kaka kama wako, bado iko juu. Nataka uanze kidonge kimoja, kila siku, na chakula hiki hiki kiendelee."

Ferista alikuwa ametumaini kwamba sufuria safi itamaliza yote. Alitazama namba, akajaribu kuikasirikia, akashindwa. Akamtazama Boazi, ambaye miaka arobaini na tisa ilikuwa inamngoja Oktoba, wiki chache tu mbele.

"Atameza," alisema.

"Nitameza," Boazi alisema. "Mradi kisiwe cha kabichi."

Lusajo aliandika, akakunja karatasi, akamkabidhi Boazi. Walipokuwa wanainuka aliita, kwa sauti ile ile ya chini, mpaka Ferista akarudi hatua moja ili asikie.

"Mama, siku ile kanisani uliniuliza kitu, nami sikukujibu. Yanatoka wapi mafuta ya kwenye damu yake. Umeshajua?"

"Ndiyo," Ferista alisema. "Mengine alizaliwa nayo. Mengine nilikuwa nampikia mimi."